Risala ya Kikundi cha Waandishi wa Programu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti, wanakikundi wenzangu na wageni waalikwa,

Kwa niaba ya wanakikundi wote, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Kwa kuwa wewe ni miongoni mwa wanaoagiza mifumo na kuidhinisha bajeti zake, tumeona tukueleze ile sehemu ya kazi yetu usiyoiona, ambayo muda unapobana ndiyo hukatwa kwanza: majaribio na ukaguzi wa msimbo, yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi hudhani kuwa mwandishi wa programu hushinda akiandika msimbo mpya. Kwa kweli saa zake nyingi huishia katika kusoma msimbo wa mtu mwingine, ambaye mara nyingi amekwisha kuondoka bila kuacha maelezo. Na wakati mwingine, tunakiri, mtu huyo ni yeye mwenyewe miezi sita iliyopita. Mwenzetu mmoja alikabidhiwa ripoti ya malipo ambayo jumla yake ilikuwa pungufu kila mwezi. Aliihangaikia siku mbili, akaukuta mstari mmoja uliosema "kabla ya" tarehe ya mwisho wa mwezi badala ya "kabla ya au sawa na", hivyo malipo yote ya siku hiyo yalikuwa yakiachwa nje. Kusahihisha kulimchukua sekunde chache. Alipoulizwa amefanya nini siku mbili nzima, hakuwa na cha kuonyesha isipokuwa alama moja ya sawa.

Jaribio dogo lililotumia tarehe hiyo lingelinasa kosa mapema. Lilikuwamo katika mpango wa kazi, likaondolewa kwa sababu siku ya uzinduzi ilikuwa imekwisha kutangazwa.

Hasara yetu ilikuwa ndogo. Wenzetu wamewahi kupata kubwa zaidi. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ililipuka katika safari yake ya kwanza, kabla ya dakika moja kutimia tangu iruke. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako haikuwa na tatizo. Katika roketi mpya, iliyokuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo, namba ya biti 64, yaani tarakimu 64 za 0 na 1, iligeuzwa iingie katika nafasi ya biti 16, haikuenea, na kompyuta zilizotoa taarifa za uelekeo zikazimika. Programu hiyo haikuwa imejaribiwa kwa mwendo wa roketi iliyohamishiwa.

Nasi hurithi kila siku, kwa kuwa hakuna anayeandika kila kitu mwenyewe. Mwezi Machi 2016, mwandishi mmoja aliondoa mtandaoni kifurushi chake, yaani kipande cha msimbo ambacho wengine hukitumia katika programu zao, chenye mistari 11, kazi yake ikiwa ni kujazia nafasi upande wa kushoto wa maneno, na miradi mingi duniani iliyokitegemea, hata kwa kupitia vifurushi vingine, ikashindwa kujengwa. Ndiyo maana kikundi chetu kimejiwekea utaratibu: kila badiliko huwekwa katika Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, pamoja na maelezo ya sababu yake, na haliingii katika mfumo mpaka limesomwa na mtu wa pili. Utaratibu huu huchosha, na wapo kati yetu wanaounung'unikia, lakini umetuokoa mara nyingi kuliko tunavyopenda kusema mbele ya wateja.

Changamoto yetu kubwa, basi, ni tarehe zinazopangwa bila kuwauliza watakaofanya kazi. Mradi unapochelewa, tunaongezewa watu. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta za IBM System/360, alikwisha kueleza mwaka 1975 kuwa kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wageni hufundishwa na walewale waliokwisha kuelemewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuombi kompyuta mpya leo, ingawa hatutazikataa. Tunaomba tuitwe mezani kabla tarehe ya uzinduzi haijatangazwa. Tunaomba pia kwamba, siku utakapoletewa ratiba ya mradi uitie saini, utafute humo siku za majaribio. Usipoziona, tafadhali irudishe kwa aliyeileta.

Naomba kuwasilisha.