Rimu zako zina alama gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye magari wenzangu wa Tanga, na zaidi niseme na wale wanaouza na kununua rimu zilizotumika.

Miezi mitatu iliyopita, siku ya Jumatano, jirani yangu anayeamka alfajiri kupika vitumbua aligonga dirisha langu hapa Chumbageni. "Mzee, hebu toka uone gari lako." Nilitoka na msuli, miguu mitupu. Gari lilikuwa limekalishwa juu ya matofali manne ya saruji, magurudumu yote hayapo. Mchangani zilibaki nati tatu na kipande cha gunia kilichokunjwa mara nne, walichokiweka chini ya jeki ili isilie. Milango imefungwa, vioo vizima. Ile taa ndogo nyekundu ya alamu kwenye dashibodi iliendelea kuwaka na kuzima vilevile kama nilivyoiacha usiku.

Gari lenyewe ni Toyota Harrier ya kuwasha kwa kitufe. Nililinunua kwa kiinua mgongo. Aliyeniuzia alilisifia kwa ulinzi, na hakunidanganya: kompyuta isipoutambua ufunguo wake, injini haiwaki. Basi nikawa nalala usingizi mnono. Fundi wangu ndiye aliyenifumbua macho asubuhi ile, akiwa amechuchumaa kando ya tofali. Alamu ya gari langu inachunga milango, boneti na buti. Gari likiinuliwa kwa jeki polepole, yenyewe haina habari. Yapo magari yenye kihisi kinachopiga kelele gari likiinamishwa, langu si mojawapo. Magurudumu yanashikwa na nati tano tano, na nati za Toyota nyingi ndogo zinafunguliwa na spana namba 21, ambayo kila mziba pancha anayo.

Nilikwenda kutoa taarifa polisi, nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu kwenye kitabu cha polisi. Kijana aliyeniandikia alikuwa na adabu zake, aliniamkia na kunipa kiti. Kisha akaniuliza swali moja: "Rimu zako zina alama gani, mzee?" Nikamwambia ni za aloi, inchi 17, rangi ya fedha. Akaacha kuandika, akasubiri. Sikuwa na la kuongeza.

Siku nne baadaye nilizunguka Ngamiani nikitafuta rimu za kununua, maana gari haliwezi kukaa juu ya matofali milele. Kwenye banda moja nikaona rimu nne zimepangwa juu ya turubai. Moja ilikuwa na mkwaruzo mrefu pembeni, na mimi yangu ya mbele kushoto niliikwaruza kwenye kingo ya barabara mwaka jana. Niliishika. Nikapitisha kidole kwenye ule mkwaruzo, moyo unanienda mbio. Nikamuuliza muuzaji amezipata wapi. "Zimeletwa na kijana, mzee wangu. Rimu kama hizi ziko nyingi mjini." Alisema kweli, ziko nyingi. Sikuwa na namba, sikuwa na picha, sikuwa na chochote cha kumwonyesha yeye wala polisi. Kumwita mtu mwizi kwa sababu ya mkwaruzo ni dhambi nisiyotaka kwenda nayo kaburini. Niliziweka chini nikaondoka. Mpaka leo sijui kama niliacha mali yangu pale au nilimdhania mtu wa watu.

Ndiyo maana naandika. Mwizi wa magurudumu hahitaji kushindana na kompyuta ya gari. Anachohitaji ni rimu isiyo na jina na mnunuzi asiyeuliza, na vyote viwili tunampa sisi.

Watu wengi wamezoea kuchora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na taa. Tufanye hivyohivyo kwenye rimu, upande wa ndani ambako hakuharibu sura, na tuchore namba ya chasisi kama ilivyo kwenye kadi ya gari. Mwizi ataweza kuisaga, lakini rimu iliyosagwa nayo inamtia mnunuzi shaka. Halafu piga picha. Piga ubavu wa tairi pia: kwenye mfululizo wa herufi unaoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho zinataja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zenye tarakimu hizo ni nyingi, lakini tairi nne zenye tarakimu zako, kwenye rimu zenye mikwaruzo yako, hizo polisi anaweza kuzifanyia kazi.

Ziko pia nati za kufuli, moja kwa kila gurudumu, zinazofunguka kwa kichwa chake maalumu tu. Mimi nimezifunga sasa. Hazimzuii mwizi mwenye usiku mzima, ila zinamchelewesha, na yeye anachoogopa ni kuchelewa. Angalizo kwa vijana wetu wa pancha: nati hizi zifungwe na kufunguliwa kwa mkono, mashine ya upepo inavunja kile kichwa na mwenye gari ndiye anayeadhirika njiani. Na ukiegesha, banana na ukuta kadiri unavyoweza, kisha kata stelingi magurudumu ya mbele yaelekee ukutani.

Kuhusu gari lenyewe, niseme jambo nililojifunza baadaye, nikaogopa. Usiku ule ufunguo wangu ulikuwa kwenye meza kando ya mlango wa mbele, hatua chache kutoka kwenye gari. Gari la kitufe linatuma wimbi dogo linalofika mita moja au mbili, ufunguo ukilisikia unajibu, mlango unafunguka. Watu wawili wenye vifaa vya kurusha mawimbi, mmoja kando ya gari na mwingine kando ya mlango wa nyumba, wanaweza kulirefusha wimbi hilo mpaka ufunguo udhani uko jirani na gari. Watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich, Uswisi, walilionyesha hilo mwaka 2011: walijaribu aina 10 za magari ya kampuni 8, na hakuna lililowashinda. Ulaya wizi wa namna hii umekuwa wa kawaida. Tusingoje uzoeleke kwetu.

Dawa yake ni nyepesi. Ufunguo ulale mbali na mlango, ndani ya kopo la bati lenye mfuniko unaobana. Kwanza lijaribu kopo lako: tia ufunguo, funika, libebe mpaka kwenye gari na uvute kitasa. Mlango ukifunguka, tafuta kopo jingine. Funguo nyingi za Toyota pia zinaweza kulazwa: shikilia kitufe cha kufunga, bonyeza cha kufungua mara mbili, kijitaa kiwake mara nne. Hapo haujibu wimbi lolote mpaka ubonyeze kitufe tena. Na kufuli la chuma la stelingi, lile la zamani ambalo watoto wetu wanalicheka, halisikii mawimbi ya aina yoyote.

Tazameni na bima zenu. Mimi nilikuwa na bima ndogo, na bima ndogo inamlipa niliyemgonga, hainilipi mimi niliyeibiwa.

Sasa ndugu zangu wauzaji wa vifaa vilivyotumika, najua wengi wenu mnakula kwa jasho. Ombi langu ni daftari. Kijana akileta rimu, andika jina lake, namba yake ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu na tarehe, kisha geuza rimu utazame upande wa ndani kabla hujatoa fedha. Mwenye mali halali hatakasirika. Kanuni ya Adhabu inamshika anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa imeibwa. Rimu nne za aloi zinazoletwa saa kumi na mbili asubuhi kwenye bodaboda, kwa bei ya rimu moja, ni sababu tosha. Viongozi wetu wa mitaa ya Ngamiani, Makorora na Mabawa wakikaa na wauzaji wakakubaliana daftari hilo, halitagharimu zaidi ya bei ya daftari lenyewe. Na sisi wanunuzi tuombe kuliona, na kama halipo tuondoke.

Nimenunua mashine ndogo ya kuchorea chuma. Majirani wanane wa mtaa wangu wamekwisha kuchora, rimu na vioo. Mwenye gari yeyote wa Chumbageni aje Jumamosi baada ya swala ya Alasiri na kadi yake ya gari, nitamchorea bila malipo. Nyumba yangu mama wa vitumbua anaijua.

Mstaafu, mkazi wa Chumbageni,
Tanga