Mchuzi bila kitunguu: kwa nini tunaomba oda siku moja kabla

Wateja wanaofuata mlo wenye FODMAP kidogo (sukari fulani zinazosumbua tumbo) hutuandikia hivi: "Nipe mchuzi wa kuku wa kawaida, vitunguu mtoe." Nia tunaielewa, ila kuvitoa hakusaidii kitu.

Mlo huu ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, kwa ajili ya wenye IBS, tatizo la utumbo lenye dalili hizi: tumbo kujaa gesi, kusokota, mara kuharisha, mara choo kigumu. FODMAP ni kundi la sukari ambazo utumbo mwembamba hauzinyonyi vizuri. Zinavuta maji, zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachusha. Mojawapo ni fruktani, na kitunguu maji na kitunguu saumu vimejaa fruktani. Inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo hata ukiopoa kila kipande, yenyewe imeshabaki kwenye rojo. Na rojo letu la kila siku huanza na vitunguu sufuria nzima, kwa hiyo lako inabidi tulipike peke yake tangu mwanzo; ndiyo maana tunaomba oda siku moja kabla.

Kwenye mafuta, fruktani haiyeyuki, lakini harufu ya saumu inaingia vizuri. Basi kwa oda hizi tunakaanga punje nzima za saumu, tunaziopoa zote, ndipo nyama na maji vinafuata. Mafuta hayo ni ya siku ile ile. Hatuyaweki akiba, maana saumu iliyolala kwenye mafuta nje ya friji inaweza kuzalisha sumu ya botulizimu. Tunaongeza majani ya kijani ya kitunguu (sehemu nyeupe hapana) na chembe ya mvuje. Ndiyo, ule ule wa bibi! Ukiguswa na mafuta moto unanukia kama kitunguu. Tunanunua wa donge, kwa sababu wa unga mara nyingi huchanganywa na ngano.

Viungo vinalaumiwa bure. Manjano, bizari nyembamba, giligilani, iliki, mdalasini na tangawizi, kwa kiasi cha kupikia, havina shida. Pilipili nayo haina FODMAP ya kutisha, ingawa huwasha matumbo ya baadhi ya watu, kwa hiyo tunaiweka pembeni. Wa kuogopwa ni unga wa mchuzi wa pakiti: soma lebo, mara nyingi utakuta saumu ndani.

Tui tunatia kiasi, tena jepesi. Utapewa wali, si chapati, kwani ngano nayo ina fruktani. Maharage ya nazi hatuwezi kuyaokoa, maana maharage yenyewe yana FODMAP nyingi.

Hatua ya kukata vyakula ni ya wiki 2 hadi 6 tu, kisha hurudishwa kimoja kimoja, ikiwezekana chini ya mtaalamu wa lishe, baada ya daktari kukupima. Ukifika hapo, tuandikie kwenye oda unajaribu nini wiki hiyo. Ukiwa unajaribu kitunguu saumu, hatutakuchanganyia na mbaazi, ili ujue kipi kinakusumbua.