Dawa ya Minyoo Isitolewe kwa Mazoea

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wafugaji wenzangu tuache kuwanywesha mbuzi na farasi wote dawa ya minyoo kila baada ya miezi michache bila kupima kinyesi, kwa kuwa mazoea hayo ndiyo yanayozalisha minyoo sugu. Juzi nilifunua ukope wa chini wa mbuzi wangu aliyevimba chini ya taya, nikakuta utando umekuwa mweupe kama karatasi. Minyoo wanyonyao damu walikuwa wamemdhoofisha, ilhali dawa alikwishanyweshwa. Iliniuma sana. Farasi na mbuzi, kwa sehemu kubwa, huambukizwa minyoo tofauti, hivyo kuwalisha kwa zamu uwanja mmoja na kuzoa kinyesi cha farasi mara mbili kwa wiki hupunguza mabuu nyasini.

Mfugaji