Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chanjo Iwahi Mvua

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na habari za josho mmeshazisikia kwa kamati. Mimi naomba kuzungumzia kipima mvua.

Wengi wenu mnakumbuka mwanzo wa 2007, Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbu na kuwapata watu pia, ilipoingia hapa Dodoma. Kwangu kondoo walitupa mimba mmoja baada ya mwingine. Kila asubuhi nilikuwa nikiokota vitoto vilivyokufa zizini kwa mikono mitupu, sijui kwamba damu ile inaambukiza. Nchini walifariki watu zaidi ya 100. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba ugonjwa ulionekana ukija. Tangu Septemba 2006 watafiti waliokuwa wakifuatilia kwa satelaiti joto la bahari, ambalo likipanda huashiria mvua kubwa kwetu, walishatahadharisha, na Desemba watu wakaugua Garissa, Kenya. Sisi habari ilitukuta tunafukia mizoga.

Mayai ya mbu aina ya Aedes hulala kwenye udongo wa mbuga, yaani bonde linalotuama maji, miaka na miaka, mengine yakiwa na virusi vya homa hii ndani. Mbuga ikifurika, yanaanguliwa kwa mkupuo. Chanjo ipo, ila lazima iwahi: ile hai ya zamani inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe, na ugonjwa ukishaingia, sindano moja inayopita zizi zima huweza kuueneza.

Ndiyo maana tumefunga kipima mvua kwenye nguzo kando ya mbuga. Kila siku saa tatu asubuhi maji yanasomwa, milimita zinaandikwa daftarini, kopo linamwagwa. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unatuambia habari za mkoa. Daftari linatuambia habari za mbuga yetu. Wenye mtama nao walilitazama kabla ya kupanda, wasidanganywe na mvua ya kwanza. Februari kuna kurasa tupu, msomaji alipougua. Kosa ni la uongozi, hatukumpa msaidizi. Sasa wapo wawili.

Malisho tuliyoyafunga yameanza kurudisha nyasi, na nawashukuru waliovumilia, kwa sababu ndiyo yatakayotuwezesha kuhamisha mifugo mbugani inapofurika.

Naomba mkutano upitishe chanjo ifanyike mapema, kabla ya mvua za Novemba, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Kila mmoja aandikishe mifugo yake kwa katibu, na wenye mimba watajwe peke yao, kabla hatujatawanyika.