Ree na mfalme si ushindi wa mkononi

Mhariri,

Mwanza haina uhaba wa watu wanaojua odi. Pita Kirumba jioni, utamkuta kijana anajaza mkeka huku akikueleza kwa nini odi ya 1.30 hailipi. Kijana huyohuyo akikaa kwenye poka, hesabu anaisahau. Akipewa ree na mfalme kama karata zake mbili za mkononi, anasukuma hela zote. Akipigwa na pea ya 8, yaani 8 mbili, analalamikia bahati. Ukweli ni kwamba alikuwa nyuma tangu karata zinagawiwa, kwa asilimia 45 dhidi ya 55.

Kabla ya flopu, yaani kabla karata tatu za kwanza hazijafunuliwa mezani, kila mchezaji ana hisa yake kwenye poti, yaani hela zote zinazogombewa: kiasi ambacho angepata kwa wastani kama karata zote tano zingefunuliwa bila mtu kujitoa. Ree ya kopa na mfalme wa shupaza, dhidi ya pea ya malkia, zina asilimia 43. Zote mbili zikiwa kopa, 46. Nyongeza ni ndogo kiasi hicho, na bado watu wanalipia 9 na 3 kwa sababu tu zote ni kopa!

Hisa peke yake haitoshi, lazima uilinganishe na bei. Tuseme umeshaweka blaindi kubwa (dau la lazima kabla ya karata kugawiwa) ya shilingi 1,000, mwenye blaindi ndogo ya 500 kajitoa, na mpinzani kaweka 10,000, zote alizonazo. Unatakiwa kuongeza 9,000 ili ugombee 20,500. Hiyo ni odi ya 2.28, kwa hiyo unahitaji hisa ya asilimia 44 (9,000 kwa 20,500).

Una ree na mfalme za aina tofauti. Ukimpa malkia wawili tu utasema tupa, umepungukiwa kidogo. Lakini humuoni karata zake, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Mhesabie zote anazoweza kuwekea hela hiyo: tuseme pea ya 9 kwenda juu, ree-mfalme na ree-malkia. Kwa kawaida pea moja hupatikana kwa njia 6, ila kwa kuwa ree moja na mfalme mmoja unao wewe, pea ya ree imebaki na njia 3 na ya mfalme 3. Pea za 9 hadi malkia zina 24, ree-mfalme 9, ree-malkia 12. Katika njia hizo 51, wastani wa hisa yako ni karibu 49. Fuata dau. Akiwa ni mtu wa kuweka zote kwa pea ya malkia kwenda juu tu, hisa inashuka hadi 31 hivi. Tupa, bila kinyongo.

Idadi ya watu nayo inakula hisa. Ree mbili dhidi ya mmoja mwenye karata zozote zina asilimia 85. Dhidi ya wanne, 56. Dhidi ya tisa, 31. Ndiyo maana ukizishika unapandisha dau mapema, hata kama unatamani kuwavuta wote waingie.

Tunaomba ukurasa wa michezo, unaochapa odi za mpira kila wiki, utenge safu moja ya hesabu hizi.

Wachezaji wa poka,
Nyamagana, Mwanza