Barua kwa Shangazi: rangi isubiri, tuanze na mabati

Shangazi mpendwa,

Nimepata habari kwamba zamu yako ya likelemba, ule mchango wa kupokezana fedha, imefika, na kwamba zile dola 400 ungependa kuzitumia kupaka rangi sebule, kuweka dari ya tripleksi (plaiwudi) na kubadilisha mlango wa mbele. Naomba, kwa heshima zote, nikupinge kabla hujashuka Birere kununua chochote.

Nyumba yako ya mbao hapo Majengo haina shida ya rangi, ina shida ya maji. Nilipolala kwako mwezi wa nne nilihesabu mabeseni matatu sakafuni, na la nne lilikuwa juu ya kabati. Dari mpya chini ya paa hilo itavimba na kuanguka kabla hujamaliza kuwaonyesha wageni. Nasema hivyo kwa kuwa kosa hilo nimelifanya mwenyewe: nilipaka chumba changu mwezi wa nane, nikajisifu, na mvua za Septemba zikachora ukutani michirizi ya kahawia ambayo hadi leo nimeificha nyuma ya kitanda.

Mabati ya Goma yana adui ambaye miji mingi haimjui. Moshi wa volkano ya Nyiragongo una gesi ya salfa, nayo ikikutana na mvua hugeuka asidi inayokula zinki, kisha kutu huanzia pale msumari ulipotoboa. Kwa hiyo ni afadhali tununue mabati machache yaliyopakwa rangi kiwandani kuliko mengi membamba yatakayotobolewa upesi. Nyumba yako ina urefu wa mita 8, na kila upande wa paa una karibu mita 3 kutoka kilele hadi ukingo, kwa hiyo bati la mita 3 linatosha bila kuunganishwa. Likishalaliana na jirani yake, bati moja hufunika kama sentimita 75, nasi tutahitaji 11 kila upande, yaani 22, pamoja na kofia za kileleni na misumari yenye mpira. Fedha zikipungua, tuanze na upande unaopigwa zaidi na mvua, na vipande vizima vya manjanja, yaani mabati, ya zamani viende kufunika jiko.

Kazi ya juu ya paa tumwachie fundi, na nyaya za umeme vilevile, maana nyumba za mbao zilizobanana haziungui moja moja. Kung'oa misumari, kukwangua na kubeba ni kazi yangu na ya wanao. Tutamlipa mwenye chukudu, kile kibaiskeli cha mbao cha kubebea mizigo, safari moja tu, si tatu, tukipanga vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja: mbao za nyuma zimeoza chini, pale zinapogusa udongo. Tusibomoe ukuta. Tutakata ncha zilizooza, mbao moja baada ya nyingine huku nguzo zikibaki zimesimama, halafu tutajenga kizingo kifupi cha makoro (mawe ya lava) na saruji chini yake ili mbao zisikanyage tena ardhi. Mawe hayo hatutayanunua. Lava ya mwaka 2002 ilituachia ya kutosha, na rundo lililo nyuma ya choo chako linakusumbua tangu zamani. Saruji tuinunue siku ileile ya kuitumia, kwa sababu unyevu wa hapa huigandisha ndani ya mfuko, nami nimeshatupa mfuko mzima kwa uvivu wa namna hiyo.

Mlango wa mbele bado unafungika, kwa hiyo usubiri likelemba ijayo. Rangi nayo isubiri hadi tuone mvua tatu kubwa zikipita bila beseni.

Sasa ni mwezi wa sita, na kiangazi kinatupa hadi mwisho wa Agosti. Jumamosi nitakuja na ngazi na mita ya kupimia. Tafadhali, mtu yeyote asing'oe bati hata moja kabla sijafika.

Ni mimi, mwana wa kaka yako.