Zoezi la Jumamosi: hewa, redio na njia ya kutokea

Ndugu zangu, habari za jioni. Jumamosi saa 2 asubuhi tukutane uwanjani. Safari hii mipira ya maji tunaiacha garini. Tunafanya zoezi la mzimamoto aliyepotea ndani ya moshi.

Tarehe 3 Desemba 1999, mjini Worcester, Marekani, wazimamoto wawili waliingia kwenye ghala la zamani la baridi kutafuta watu waliodhaniwa kuwa ndani. Madirisha yalikuwa machache mno. Moshi ukawafunika, wakapotea, hewa ikawaishia. Wenzao wanne wakaingia kuwatafuta, nao hawakutoka. Sita kwa moto mmoja! Naombeni kila mmoja alifikirie hilo kabla hajafika.

Sasa, geji, yaani kipimo cha hewa iliyobaki kwenye mtungi wa kupumulia. Isome tangu mlangoni na uendelee kuisoma, maana king'ora cha mtungi kinapolia ulitakiwa uwe tayari njiani kutoka. Ukikwama, ita "mayday" (wito wa kuomba msaada wa dharura) mara tatu redioni, useme jina lako, ulipo na hewa iliyobaki. Usione haya, na usisubiri kwanza ujaribu kujinasua mwenyewe. Wawili wakiingia, wawili wengine wanabaki nje wamevaa kamili, hawatumwi kazi nyingine yoyote. Majina na saa ya kuingia vinaandikwa ubaoni.

Wenye ndevu, tafadhali nyoeni. Barakoa haishiki vizuri usoni, moshi unapenya pembeni ya shavu.

Asiyeweza kuja aandike hapa kabla ya Ijumaa jioni, nipange jozi upya.